Namanga 2020: kwa nini malori yalikwama wakati mizigo iliruhusiwa kupita

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini wakati wa korona malori ya Tanzania yalikwama Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ilhali Kenya yenyewe ilisema mizigo inapita. La pili, likija janga jingine mwenye mzigo ajipange vipi. Mimi ni wakala wa forodha upande wa Tanzania na kipindi kile chote nilikuwa hapa hapa mpakani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza tuweke tarehe sawa, maana watu wengi wanazichanganya. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 16, 2020. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, kisha Mei 18 anga likafunguliwa tena na sharti la karantini ya siku 14 kwa wageni likaondolewa. Siku mbili kabla ya hapo, yaani Mei 16, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kufunga mipaka ya Kenya na Tanzania na Somalia kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, na kila dereva lazima apimwe. Akikutwa hana virusi ndipo anaingia. Kwa hiyo ndani ya wiki moja huyu anafungua, jirani yake anafunga, na barabara inayowaunganisha hapa ni ile ile moja.

Mzigo kweli uliruhusiwa, lakini mzigo haujiendeshi. Hapo ndipo shida yote ilipokaa.

Nyaraka za mzigo hazikuwa tatizo hata kidogo. Namanga kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa Desemba 2018 na Marais Magufuli na Kenyatta. Maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili na wa kuingia dirisha linalofuata. Mambo ya ushuru na uhamiaji nchi hizi zilishakaa zikaelewana. Mambo ya afya hazikuwahi kukaa. Kila nchi ilikuwa na kipimo chake, karatasi yake na muhuri wake, na hakukuwa na kanuni yoyote inayomlazimisha ofisa wa upande mmoja kukiamini cheti cha upande wa pili. Watu wanalaumu ugonjwa, wengine wanalaumu siasa. Mimi nasema kilichotukwamisha ni swali moja ambalo hakuna aliyelijibu mapema: cheti cha nani kinakubalika?

Na imani ilikuwa imeshaondoka. Tanzania Bara iliacha kutoa takwimu mwishoni mwa Aprili, na hesabu rasmi ya nchi ikaja kuganda kwenye wagonjwa 509. Mei 3 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majaribio na zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Sasa kaa kwenye kiti cha ofisa afya wa Kenya: mkuu wa nchi ametilia shaka vipimo vya nchini kwake, halafu dereva anakunyooshea cheti cha nchi hiyo hiyo. Ungempitisha? Upande wetu nako, madereva walipoanza kuambiwa na Kenya kwamba wana virusi, viongozi wetu wakavitilia shaka vipimo vya Kenya. Pande zote mbili zikawa na hoja, na aliyebaki katikati ni mtu anayelala chini ya trela.

Nikupe mfano wa lori moja la vitunguu nililolisimamia mwenyewe. Dereva alichukuliwa sampuli asubuhi, akaambiwa asubiri majibu yanayotoka maabara ya mbali. Majibu hayakuwa yanakuja mtu mmoja mmoja, yalikuja kwa orodha. Ofisa anasimama, anasoma majina, madereva wamemzunguka wamebanana, kila mtu ametega sikio. Jina la huyu dereva wangu lilisomwa, lakini tarakimu moja ya namba ya pasipoti kwenye orodha ilikuwa tofauti na iliyo kwenye kitabu chake. Akaambiwa huyo si yeye, apimwe upya, akarudi mwisho wa foleni. Tulipofunua turubai, magunia ya juu yalikuwa mazima, ya chini yameanza kutoa maji na vingine vimechipua. Mwenye mali yuko Nairobi anapiga simu kila saa akiuliza, "Kaka, kwani hamjavuka tu?" Ungemjibu nini? Ushuru umelipwa, gari zima, dereva hana homa. Tarakimu moja.

Hali ya kwenye foleni sipendi hata kuikumbuka. Watu waliozuiwa kwa hofu ya maambukizi ndio waliokusanywa pamoja: vyoo vichache, maji ya shida, wanapika pamoja kando ya barabara. Baadhi ya wenye vibanda walikataa kuwauzia chakula, wakiwaita madereva "korona". Dereva huyo huyo ndiye aliyekuwa anapeleka unga na sabuni za kunawia mikono. Lile jambo liliniuma na linaniuma mpaka leo, kwa sababu dereva wa lori la masafa hakuchagua kusafiri wakati wa janga. Walioambiwa wakae nyumbani waliweza kukaa kwa sababu yeye hakukaa.

Wakati huo huo, pembeni ya kituo, njia za panya zilikuwa zinafanya kazi usiku na mchana. Mpaka huu umepita katikati ya koo na ndoa za watu, kuna mtu ana mji upande huu na ng'ombe upande ule. Kwa hiyo aliyefuata utaratibu ndiye aliyepimwa na kukwama, asiyefuata alivuka kwa bodaboda.

Mwishoni mwa Mei mawaziri wa uchukuzi wa nchi zote mbili wakakutana hapa Namanga, wakakubaliana dereva apimwe nchini kwake na cheti kidumu siku 14. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikaleta mfumo wa simu wa kufuatilia madereva na mizigo, ili majibu yaonekane kwa nchi zote wanachama. Hiyo ndiyo dawa iliyotakiwa tangu siku ya kwanza. Ila hata hapo kulikuwa na kitu ambacho wamiliki wa magari wengi hawakukijua: siku zilikuwa zinahesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa. Anayekwenda Nairobi na kurudi alitoshelezwa. Anayeshusha Mombasa na kusubiri mzigo wa kurudi, cheti kilimwishia njiani.

Kwenye ndege ilikuwa hadithi ile ile. Kenya ilipofungua safari za kimataifa Agosti 1 haikuiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo abiria wake hawatakiwi karantini. Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways siku hiyo hiyo, na baadaye mwezi huo mashirika mengine matatu ya Kenya. Katikati ya Septemba Kenya ikaiingiza Tanzania kwenye orodha na zuio likaondoka. Rwanda nayo, tangu Aprili, ilitaka madereva wabadilishane pale Rusumo, mpakani mwake na Tanzania: wa kutoka Tanzania anakabidhi gari, mwenyeji analiendesha ndani. Kiafya ina mantiki. Kibiashara ni kumwachia mtu usiyemjua lori la mkopo, na madereva wetu waligoma.

Sasa linganisha na kadi ya njano ya homa ya manjano. Umeshaona watu wakigombana nayo mpakani kama hivi? Kituo kinachotambulika kinakuchanja Arusha, kadi inakubalika Entebbe, Addis Ababa, popote. Sababu ni kwamba iko ndani ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005: fomu moja, mihuri inayojulikana, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yote ya mwenye kadi. Ofisa haulizwi kama anaiamini maabara ya jirani. Kwenye korona ilibidi Umoja wa Afrika ulete mfumo wa Trusted Travel, cheti chenye namba ya kuhakikiwa kwenye mtandao, na ulipoanza kutumika msimu mzima wa foleni ulikuwa umeshapita. Na hata baada ya hapo, Mei 4, 2021 Tanzania ilipoweka masharti mapya, msafiri alitakiwa aje na cheti cha ndani ya saa 72 na bado wengi walipimwa tena wakifika, kwa gharama zao. Kwa maoni yangu, kama utampima mtu mlangoni usimdai cheti, na kama umemdai cheti kiheshimu. Kudai vyote viwili ni kumtoza mara mbili.

Swali lako la pili. Likitokea tena, usiulize wapi unapata cheti, uliza nchi unayoingia inakubali cheti cha maabara zipi, na usome tangazo la nchi hiyo wewe mwenyewe. Tangazo la kwenu halikusaidii kitu ukiwa dirisha la pili. Uliza saa au siku zinahesabiwa kuanzia lini, kisha toa muda wa foleni, usitoe muda wa barabara peke yake. Dereva akukabidhi cheti mkononi mwako kabla hajapakia, ukilinganishe na pasipoti herufi kwa herufi, namba kwa namba, mpangilio wa majina uwe ule ule. Ukiweza, pimisha madereva wawili kwa gari moja, ili mmoja akizuiwa mwingine akalie usukani.

Kwenye mkataba andikeni nani analipa gari likisimama mpakani kwa amri ya serikali. Mikataba mingi niliyoiona haikuwa na kifungu hicho, na waliogombana ni mwenye gari na mwenye mzigo, wote wawili wakiwa wameonewa.

Na kama mzigo ni wa kuoza na sharti limetangazwa leo, usipakie leo. Subiri gari la mwenzako livuke kwanza, ongea na dereva wake akiwa ameshafika ng'ambo, akwambie walimdai karatasi gani na walimweka muda gani. Vitunguu vikiwa stoo kwako vinakusubiri, vikiwa chini ya turubai havisubiri.