Nani anifanyie uhariri wa riwaya yangu?

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza riwaya ya kurasa 180 hivi, imekaa tu kwa laptopu. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari amejitolea kuipitia bure, halafu kuna kijana mwengine ataka elfu arubaini, asema atafanya kila kitu, uhariri, jalada mpaka kupiga chapa. Nimuendee nani? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba dadangu, na hongera, maana wengi huishia sura ya tatu.

Huyo wa kila kitu mimi ningemuogopa. Kazi zenyewe ni tofauti, kuna anayekwambia sura ya pili haina kazi na huyo mume amepotelea wapi, kuna anayenyoosha lugha, halafu kuna wa kusoma prufu, yaani kusaka makosa madogo yaliyobaki, mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa. Ukianza na koma wakati hadithi bado yayumba utalipa mara mbili. Mwalimu atakufaa sana kwenye sarufi, lakini muulize kwanza riwaya ya mwisho aliyoisoma kwa raha zake ni ipi, akianza kutaja za silabasi basi mwachie lugha tu, hadithi itafutie mtu mwengine.

Kumpata si kazi ngumu vile. Chukua riwaya za Kiswahili unazozipenda wewe, usome ukurasa wa shukrani, mara nyingi mhariri hutajwa pale. Ukimpata mpe kurasa tatu azihariri kama majaribio, na usimpe za mwanzo, hizo umezipiga pasi wewe mwenyewe tayari, mpe za katikati penye mazungumzo. Kama nyanya wa kwenye hadithi asema "ndoo hapa, mamako yuwaja" na yeye akakurudishia "njoo hapa, mama yako anakuja" bila hata kukuuliza, huyo achana naye, atakusanifishia Mombasa yote. Anayefaa huandika pembeni: huyu bibi ni wa wapi, na mbona sura ya tano anaongea kama mtangazaji wa redio?

Mkikubaliana andikeni, hata ukurasa mmoja: kazi gani, lini, nusu sasa nusu baadaye, na masahihisho yote yaonekane kwenye faili ili uamuzi ubaki wako. Ah, na kama wataka kuipeleka kwa mchapishaji usimalize pesa zako huku, akiikubali ana wahariri wake na gharama hiyo ni yake. Akikudai wewe ndo ulipe, huyo ni mpiga chapa tu.