Sinywi pombe, mafuta ya ini yametoka wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, kilo 104, na kisukari. Ultrasaundi imeonyesha ini langu lina mafuta. Mume wangu ananitazama kama vile nakunywa kwa siri! Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie mzee asikusingizie. Unene, hasa kitambi, hufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Hapo kisukari hupata njia, na mafuta nayo hujaa kwenye ini. Kwa baadhi ya watu ini huvimba, kisha hujenga makovu taratibu, bila maumivu. Makovu hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi, na ultrasaundi ya kawaida huyakosa yakiwa machanga. Omba upimwe damu: vimeng'enya vya ini, yaani AST na ALT, pamoja na chembe za kugandisha damu. Vikipigiwa hesabu na umri wako hutoa alama iitwayo FIB-4. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, muone mtaalamu wa ini. Ukipunguza kilo 10 hivi, hata makovu yanaweza kupungua. Anza kwa kuacha soda. Na hizo dawa za “kusafisha ini” ziache hukohuko dukani. Nyingine ndizo huliumiza.