Barua Ambayo Kaka Hakuiandika

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 19. Kaka yangu alijiua mwaka jana, hakuacha hata mstari mmoja. Nimeanza kuandika riwaya ya vijana kuhusu msichana aliyefiwa hivyo hivyo, ila wa kwangu anakuta barua ya kaka yake ndani ya kiatu, inaeleza kila kitu. Mama kaliona daftari, akasema namwanika marehemu. Wiki ya pili hii hatusemeshani. Nakutumia kurasa chache. Je, niache? – Mdogo Mtu*

Marahaba, mwanangu. Na pole, ingawa najua neno hilo umelisikia hadi limechuja.

Usiache. Natanguliza jibu ili usisome haya roho juu.

Ukurasa wa soksi nimeurudia mara tatu. Msichana wako anafua soksi za kaka yake ambazo hakuna atakayezivaa, anazianika jozi jozi, zikikauka anazianua na kuziloweka upya. Hapo nilivua miwani. Kisha nikafika kwenye ile barua ya ndani ya kiatu, machozi yakakauka. Barua ina sauti yako. Katika aya moja kaka anasema "si kosa lako" mara nne. Huyo si kaka anayeaga. Ni mdogo mtu anayeomba aambiwe.

Na si kosa lako. Nakuambia mimi, kwa kuwa yeye hakupata kusema. Wengi wanaojiua hawaachi barua, na hata inapokuwepo haimalizi maswali, maana mara nyingi kinachomfikisha mtu pale ni mambo mengi yaliyosukana: ugonjwa wa akili, uchungu, hasara, aibu. Msomaji wako aliyefiwa kama wewe hana barua. Ukimpa msichana wako moja, yeye atabaki anapekua viatu. Basi mwache msichana aiandike mwenyewe usiku, na sisi tumwone akiiandika.

Tena, mbona hajamkasirikia kaka yake hata mara moja? Simwamini. Mpe angalau sura moja ya hasira, hata avunje kitu.

Jinsi kaka alivyokufa, usieleze. Mwaka 1774 Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alichapisha riwaya ya Werther, kijana aliyejiua kwa mapenzi. Vijana wakaiga hadi mavazi yake, na mji wa Leipzig ukaipiga marufuku kwa hofu kwamba wataiga na mwisho wake. Lakini kuna upande wa pili: mwaka 2010 watafiti wa Vienna waliona kwamba habari za watu waliowaza kujiua kisha wakapata njia nyingine ziliendana na kupungua kwa vifo vya namna hiyo. Kwa hiyo mwandikie msichana wako pia mtu wa kumshika mkono.

Mama yako hakusoma riwaya. Alifungua daftari akaona jina la mwanawe, kwa maana umetumia jina lake halisi. Hapo yuko sahihi, libadilishe. Ila usimpelekee daftari kujitetea. Mwulize kitu kidogo tu, kwa mfano kaka alianza lini kuvaa soksi zisizofanana. Huenda akakujibu kwa mkato, huenda akakaa chini kabisa. Ninavyohisi, jina hilo halijatamkwa nyumbani kwenu tangu mazishi.

Sasa swali ambalo siwezi kulipita: wewe mwenyewe, umewaza kumfuata? Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, ndiyo maana nauliza waziwazi. Kama ndiyo, usingoje barua yangu nyingine. Leo hii mwambie mtu mzima aliye karibu, au daktari, kwa maneno hayo hayo, "nawaza kujiua", na usibaki peke yako. Riwaya itangoja.

Ukishaandika sura ya hasira, nitumie. Ya soksi usiiguse.