Nymphenburg: saa mbili zinatosha?

Ndugu, umeuliza kama saa mbili zinatosha kutembelea Nymphenburg, huko Munich, Ujerumani. Zinatosha kuliona kasri la Nymphenburg lenyewe, lakini hazitoshi kwa bustani yake, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili safari ya Munich. Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1664. Ndani yake tazama kwa utulivu Ukumbi wa Mawe, ambao dari yake ilichorwa na Johann Baptist Zimmermann, na vyumba vingine unaweza kuvipita haraka. Nyuma ya kasri, mfereji ulionyooka na vitalu vya maua vimebaki katika mtindo wa baroko, yaani wa mistari iliyonyooka na mpangilio rasmi, ilhali sehemu za pembeni ziligeuzwa na Friedrich Ludwig von Sckell, mwanzoni mwa karne ya 19, kuwa misitu, malisho na maziwa yanayoonekana kana kwamba hayajaguswa na mkono wa mtu. Usikose Amalienburg, nyumba ndogo ya uwindaji iliyojengwa na François Cuvilliés kati ya 1734 na 1739, yenye ukumbi wa vioo uliopambwa kwa fedha na buluu. Kuingia bustanini ni bure, ila nyumba ndogo zilizomo hufungwa majira ya baridi, hivyo panga kwenda kati ya Aprili na Septemba.