Kwa nini 3D inapoteza ukuta wa moyo

Umeuliza kwa nini, katika ultrasound ya moyo, programu ya kufuatilia mwendo wa msuli inapoteza ukuta wa moyo kwenye picha za 3D (pande tatu) ilhali picha za 2D (bapa) za mgonjwa huyohuyo zinafuatilika vizuri. Mara nyingi tatizo ni kasi ya picha, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Programu hutambua vitone vya mwangwi ndani ya msuli na kuvitafuta tena katika picha inayofuata. Vikibadilika sana hapo katikati, havitambuliki. 2D kwa kawaida hutoa picha 50 hadi 80 kwa sekunde, 3D mara nyingi 20 hadi 40 tu. Moyo ukienda mbio, hali huwa mbaya zaidi.

Ili kuongeza kasi hiyo, punguza kina na upana wa picha hadi ventrikali ya kushoto pekee (chumba kikuu cha moyo kinachosukuma damu mwilini), ila ncha yake na kuta zote zibaki ndani. Rekodi mapigo 4 hadi 6 ambayo mashine huyaunganisha kuwa picha moja, mgonjwa akiwa amezuia pumzi na probu (kifaa cha ultrasound kinachowekwa kifuani) imetulia kabisa. Kabla hajashuka kitandani, kagua mishono, yaani mahali mapigo yalipounganishwa: ukuta ukionekana umeruka, rudia. Mapigo yasiyo na mpangilio? Rekodi pigo moja, ingawa kasi itashuka. Na mgonjwa akirudi kupimwa tena, tumia mashine na programu ileile, maana namba za vipimo kutoka mashine za kampuni tofauti hazilingani.