Maswali yenu ya intaneti: herufi za juu ya simu, video za usiku na mengineyo

Haya jamani, maswali ni mengi na karibu yote yanazunguka hapohapo, spidi ya intaneti ya simu. Nimechukua sita, mengine yana mambo mengi nitakaa nayo, mengine nitapita haraka.

Kaka habari. Simu yangu hapa mjini inaandika 4G, nikitoka kidogo inakuwa H, nikifika kijijini kwetu ni E tu na hata picha ya WhatsApp haifunguki. Hizo herufi maana yake nini? (Msomaji, Morogoro)

Salama ndugu yangu. Ukizipanga hizo herufi unapata safari nzima ya mtandao wa simu, kwaiyo ngoja nianzie mwanzo.

GSM, ile tunayoiita 2G, ilianza kibiashara Finland mwaka 1991 na ilitengenezwa kwa ajili ya watu kuongea, data haikuwa kwenye hesabu sana. Ukitaka data ilibidi simu ipige kabisa, laini inakuwa yako peke yako kama umekodi bajaji, hata ikisimama kwenye foleni we unalipa tu, afu spidi yenyewe kilobiti 9.6 kwa sekunde (biti ni kipande kidogo kabisa cha data, 8 zinafanya baiti moja). Ilipofika kama mwaka 2000 ikaja GPRS, ndo ile G peke yake unayoiona saa zingine juu ya simu. Hapa data ikaanza kukatwa vipande vipande na kila kipande kinapanda penye nafasi, yaani daladala sasa, unalipia siti yako sio gari zima. Ndo maana mpaka leo intaneti tunanunua kwa MB badala ya dakika, watu wengi hawajui kwamba mabadiliko yalianzia pale.

E ni EDGE. Mnara uleule, masafa yaleyale, ila kila mpigo wa wimbi uliokuwa unabeba biti 1 ukawa unabeba 3. Ni akili kubwa sana ile, hawakuongeza barabara hata kidogo, walipakia vizuri tu. Shida yake inataka signali safi, ukiwa mbali na mnara inarudi kubeba kidogo kidogo.

Afu 3G, Japani walianza Oktoba 2001, kampuni ya simu ya NTT DoCoMo. Chaneli moja ya 2G ina upana wa kilohezi 200, ya 3G ina megahezi 5, ona tofauti hiyo. Mwanzoni ilikuwa inatoa kilobiti 384 tu na watu wakaona mbona makelele yalikuwa mengi. Kilichokuja kuibadilisha ni H, yaani HSDPA. Kabla yake uamuzi wa nani apewe data saa hii ulikuwa unafanywa mbali, kwenye kituo kinachosimamia minara mingi, H ikaupeleka uamuzi kwenye mnara wenyewe na unaamua upya kila milisekunde 2 kwa kuangalia nani ana signali nzuri muda huohuo. H+ ikafika megabiti 21 na zaidi. 4G ikawashwa Stockholm na Oslo Desemba 2009.

Chukua wimbo mmoja wa MB 5. Kwenye G yenye kilobiti 40 unasubiri kama dakika 17, kwenye E ikiwa na bahati ya kilobiti 200 ni dakika 3 na kitu, H ya megabiti 3.6 ni sekunde 11, 4G ya megabiti 20 ni sekunde 2. Sasa mwanafunzi wa kijijini kwenu anayetafuta notsi kwenye E na mwenzake wa mjini wanafanya mtihani mmoja. Hili linaniuma kweli, nalisema kila nikipata nafasi. Na kubadilisha sio kufunga antena mpya tu, ule mnara lazima upate na njia nene ya kurudisha data mjini, faiba au mawimbi ya mnara kwa mnara, na hapo ndo gharama inapokuwa kubwa na watu wa kugawana gharama ni wachache.

Nina simu ya 5G, vijiti vimejaa, bando lipo, lakini saa 2 mpaka saa 4 usiku video inazunguka tu. Saa 11 alfajiri inaruka kama upepo. Naibiwa? (Dada wa Tandika)

Dada yangu, vijiti vinakuonyesha nguvu ya signali, havikuonyeshi foleni. Chukua sehemu moja ya mnara wa 4G yenye upana wa megahezi 20, kwa hali nzuri kabisa inatoa megabiti kama 150, na hizo 150 sio zako, ni za kila mtu aliye upande ule wa mnara. Saa 2 usiku watu wametoka kazini, wamekula, wote wamelala na simu. Wakiwa 100 wanaangalia video kwa pamoja piga hesabu mwenyewe, ni megabiti 1.5 kila mmoja, na hapo nimechukulia wote wamekaa karibu na mnara, kitu ambacho hakipo.

Na kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mtu aliye mbali mwenye kijiti kimoja anatumia muda mwingi wa mnara kuliko wewe kupata video ileile, maana data yake inabidi ipelekwe taratibu kwa tahadhari isipotee njiani. Kwaiyo wakiwa wengi pembezoni mnaumia wote. Kwenye 3G ilikuwa mbaya zaidi, mnara ukielemewa hata eneo lake linasinyaa, mtu wa mwisho anapoteza mtandao kabisa wakati mchana alikuwa nao.

Hiyo 5G nayo mara nyingi inapita kwenye masafa ya juu ya karibu megahezi 3500, ni mapana na yana spidi kweli lakini ukuta wa tofali yanauogopa. Sogea dirishani ujaribu, ikigoma lazimisha simu ikae 4G kwenye setingi uone, saa zingine inakuwa afadhali. Vitu vizito shusha alfajiri. Lakini kama na alfajiri nayo inagoma, hapo piga huduma kwa wateja na uwatajie mtaa na saa, usiwaambie tu mtandao mbovu.

Tangazo linasema Mbps 20, mbona faili la MB 20 halishuki kwa sekunde moja? (Msomaji, Mwanza)

B ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa kwa 8 unapata MB 2.5 kwa sekunde, basi.

Mama yangu ana kitochi hakina intaneti kabisa, lakini anatuma na kupokea M-Pesa bila shida. Inawezekanaje? (Msomaji, Singida)

Swali zuri sana hili. Akibonyeza nyota namba reli, ile menyu haipiti kwenye data, inapita kwenye njia ya mawasiliano ya mtandao wenyewe, ileile ambayo simu inaitumia kuuambia mnara "nipo hapa" na mnara unaitumia kuiambia simu "unapigiwa". Njia hiyo ni nyembamba, ujumbe mmoja wa USSD, ndo jina la hiyo menyu, hauzidi herufi 182, lakini ipo kwenye kila simu ya GSM na haihitaji bando. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaja kwetu 2008, watu wengi wakiwa na vitochi, na nadhani wangeijenga juu ya intaneti isingefika kwa mama yako kwa miaka mingi. Yaani kitu kilichobadilisha maisha kuliko vyote huku kwetu kilipita kwenye kile kinjia chembamba cha 2G, mi huwa nalifikiria sana hilo.

Mwanangu, mimi ni mstaafu. Mwaka 2005 nilikuwa nalipia saa nzima intaneti kafe kusoma barua mbili. Nini hasa kilibadilika? Na Mei 2024 simu ilionyesha 4G lakini hakuna kilichofunguka, kwa nini? (Mzee wa Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Nami nimekaa sana kwenye zile kafe, unafungua ukurasa unatoka kwenda kunywa chai.

Maswali yako mawili jibu lake ni moja, nyaya za baharini. Zamani karibu intaneti yetu yote ilipita kwenye setelaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu, ombi linapanda linashuka, jibu nalo linapanda linashuka, zaidi ya nusu sekunde imeenda kabla herufi moja haijaonekana, afu bei ilikuwa ya kutisha. Julai 2009 ukafunguliwa waya wa SEACOM uliotua Dar es Salaam na Mombasa, mwaka huohuo Kenya wakapata TEAMS kutoka Mombasa mpaka Fujairah kule Falme za Kiarabu, 2010 ikaja EASSy. Minara ya 3G ilikuwepo tayari, ilikuwa kama bomba kubwa lililofungwa kwenye tenki tupu, maji yakaja 2009.

Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini. Ile 4G kwenye simu yako inasema tu kwamba wewe na mnara mnasikilizana, na ni kweli mlikuwa mnasikilizana vizuri, ila mnara haukuwa na njia ya kutosha kutoka nje.

Nikipiga simu 4G inapotea inakuja H au E, nikikata inarudi. Simu mbovu? Na ni kweli 3G itazimwa? (Msomaji, Dodoma)

Sio mbovu. 4G ilijengwa kwa data tupu, haina ile laini ya kuongea ya zamani, kwaiyo simu isiyo na VoLTE, yaani uwezo wa kuongea kupitia 4G yenyewe, ikitaka kupiga lazima ishuke 3G au 2G kwanza. Ukiwa na VoLTE, na kampuni yako ikawa imeiwasha kwa simu yako, sauti inapita kama data na hushuki.

Kuzimwa, nje wameshaanza. Marekani AT&T walizima 3G Februari 2022. Ujerumani 3G ilizimwa 2021 lakini 2G wakaiacha, maana ina vifaa vingi vinavyoitegemea. Kwetu kuna vitochi vya kina mama wa Singida na ile menyu ya nyota namba reli, kwaiyo mimi ningeomba 2G iguswe mwisho kabisa, baada ya kila kijiji kupata 4G na simu ya bei ya kawaida yenye VoLTE. Na we ukienda kununua simu muulize muuzaji mambo mawili, ina VoLTE? Na inashika megahezi 700 au 800? Masafa hayo yanaenda mbali na yanapenya ukuta, kwa mtu anayesafiri kwenda vijijini ni ya maana kuliko kamera tatu za nyuma. Asipojua, mwambie akufungulie boksi usome mwenyewe kabla hujatoa hela.