Ganda la WSSM lililokatwa: Indiana wanaruhusu?

Mkuu, umeuliza kama raifo ya .358 (kipenyo cha risasi kwa inchi) yenye ganda la WSSM lililokatwa, yaani lile ganda fupi na nene la kampuni ya Winchester, inakiuka sheria ya kuwinda kulungu katika jimbo la Indiana, Marekani, au ni ujanja tu. Haikiuki, ni halali, ila ujanja kidogo upo.

Zamani wawindaji wa kule walitegemea shotigani na gobore. Mwaka 2007 wakaruhusu raifo zinazotumia risasi za aina ya bastola, ila kwa vipimo: kichwa cha risasi kisipungue kipenyo cha inchi .357, urefu wa ganda uwe kati ya inchi 1.16 na 1.625. Nia ilieleweka. Sehemu kubwa kule ni tambarare, mashamba na nyumba zimechanganyikana, hawakutaka risasi inayosafiri mbali. Lakini urefu wa ganda wameubana, unene wameuacha! Mafundi wakachukua ganda nene la WSSM, wakalikata likaingia kwenye kipimo, wakalijaza baruti. Fupi kwa nje, ila inafanya kazi ya raifo kamili.

Mimi sioni kosa la mwindaji hapo. Askari wa wanyamapori anapima ganda, nia yako hana cha kuipimia. Hata Indiana wenyewe baadaye walipandisha kikomo cha urefu hadi inchi 1.8. Jimbo jirani la Michigan, kanda ya kusini, waliziba mwanya huo kwa kudai ganda lililonyooka, lisilo na shingo, na la WSSM lina shingo. Risasi ya 350 Legend ya Winchester, iliyotoka 2019, ikaingia humo.

Ukijaza risasi zako mwenyewe, kumbuka ganda hurefuka kila likifyatuliwa. Lipime kwa kalipa kabla ya kulijaza tena, na usome kanuni za msimu huu, maana zimebadilika sana tangu 2007.